Mtoto Hadanganyi

Kalinga alikuwa na mke mmoja, lakini waliompokea mlangoni walikuwa wawili.

Walisimama bega kwa bega, wamegawana doti moja ya kanga, vilemba wamevifunga kwa mtindo mmoja, midomo wameibana wasije wakacheka. Mmoja wao alikuwa Juliana, mkewe. Wa pili alikuwa Rozalia, pacha wake, aliyekuja kutoka Mbeya juma lililopita. Nyuma yao, juu ya mkeka, mtoto wa miezi kama tisa alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko.

"Kamwene, shemeji!" alisema Liberatus, kaka wa mapacha hao, akimtua mgeni mzigo wake. "Karibu Kihesa. Siku ya harusi ulijigamba kwamba hata gizani ungemtambua mkeo. Haya, leo jua linawaka. Mtambue."

"Na nikikosea?"

"Utateka maji. Debe kichwani, na kata chini yake, kutoka kisimani mpaka hapa, Kihesa nzima ikikutazama."

"Ee! Mkwe abebe debe kichwani?"

"Mkwe aliyemsahau mkewe, ndiyo."

Neno hilo ndilo lililomchoma Kalinga. Debe angelivumilia, na kicheko cha majirani kingepita. Lakini mwaka huo wa 1954 ulimkuta Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa huko mwaka mzima na ushei. Alimwacha Juliana hapa kwa wazazi wake, akiwa na mimba changa. Habari kwamba amejifungua salama aliipata kinywani mwa dereva wa lori. Je, sasa mkewe aone kwamba vumbi la Chunya limemfuta moyoni mwa mumewe?

Aliwakagua kwa makini. Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa kuwa Juliana alikuwa mwembamba kuliko mwenzake. Sasa wote wawili walikuwa wamenawiri, mashavu yamejaa, kana kwamba wamelishwa chungu kimoja. Hilo halikumshangaza sana. Mapacha hao walifanya kila jambo pamoja. Waliota meno pamoja, waliugua surua pamoja, hata ndoa walifunga siku moja, Juliana kwa Kalinga, Rozalia kwa fundi cherehani wa Mbeya.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mama mkwe akiimba wimbo wa kubembeleza. Kalinga alitabasamu. Kumbe bibi amefurahia kupata mjukuu hata anaviimbia vyungu! Angependa kwenda kumwomba dokezo, lakini adabu ya ukwe haina njia ya mkato: mwanamume hachungulii jiko la mama mkwe wake.

Hapo akawakumbuka kondoo.

Utotoni alichunga kondoo wa baba yake. Mwanakondoo aliyeshiba, mwenye amani, hurukaruka na kundi zima, usijue mamaye ni yupi. Lakini atokee mbwa mgeni amtishe, mwanakondoo huyohuyo atapita katikati ya majike yote na kumkimbilia mmoja tu.

"Nyinyi wawili, tokeni nje," aliagiza. "Mtoto abaki na mimi."

"Shemeji, unataka kumfanya nini?" aliuliza Liberatus.

"Nitamwuliza swali."

"Hajui kusema!"

"Swali langu halijibiwi kwa mdomo."

Mapacha wakatoka. Mtoto akauacha mwiko. Alitazama mlango uliowameza, kisha akazitazama ndevu za mchimba dhahabu. Mdomo wa chini ukaanza kucheza. Kalinga akatoa tabasamu lake zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, na hilo ndilo lililoharibu mambo: mtoto alipiga ukelele uliowatawanya kuku uani.

Kalinga alisikia uchungu kidogo. Mwana kumwogopa baba yake!

"Usiumie, shemeji," alisema Liberatus, akijifuta machozi ya kicheko. "Kwake wewe ni mgeni tu."

"Ingieni!" Kalinga aliwaita.

Waliingia kwa hatua moja, wakachuchumaa kwa pamoja, wakanyoosha mikono minne iliyofanana. Mtoto alitambaa mbio, machozi yakimdondoka mkekani. Alimpita wa kushoto bila kumtupia jicho, akaidaka kanga ya wa kulia kwa vidole vyote, akauzika uso kifuani mwake. Kilio kikakatika papo hapo. Baada ya kitambo jicho moja lilichungulia kutoka katika ngome ile, likamkazia Kalinga. Halafu, akijua kwamba sasa hakuna wa kumdhuru, mtoto akacheka.

Kalinga alijiweka wima kama hakimu, akamshika mkono mwanamke wa kulia.

"Huyu ndiye Juliana, mke wangu! Nyinyi watu wazima mnaweza kunichezea mchezo wowote, lakini mtoto hadanganyi. Liberatus, debe lako kabebe mwenyewe."

"Kweli kabisa," alisema mwanamke wa kulia, kicheko kikimtoka hatimaye. "Mtoto hadanganyi, shemeji. Huyu ni mwanangu."

Naye yule wa kushoto, mikono kiunoni, alikuwa amekwisha kugeukia jikoni. "Mama, tuletee na wetu, amwone baba yake! Na debe pia."