Vidole vya Songoro

Askari alikigandamiza tena kidole gumba cha Mzee Songoro kwenye karatasi, akakunja uso. "Mzee, alama hazitoki. Ni doa la wino tu."

Saruji ilikuwa imevilamba vidole vile hadi mistari ikafutika, miaka yote aliyojenga nyumba za watu katika nchi jirani. Sasa polisi wa nchi hiyo walitaka alama zake ndipo watoe cheti kwamba hakuacha kosa lolote kule. Bila cheti hakuna viza ya kwenda ng'ambo, na binti yake aliyeko huko alikuwa amejifungua.

"Nenda wewe, Mama Salha," Songoro alimwambia mkewe. "Viza yako imeshatoka. Nibusie mjukuu."

"Niende nikukumbuke huko? Sitaki."

Mkewe aliomba maji ya vuguvugu. Akaviosha vidole kimoja kimoja, akavipaka mafuta ya nazi, akaanza kuvikanda taratibu. Tangu waoane hakuwahi kumshika mkono mbele ya watu. Songoro aliona haya, akageukia dirishani, lakini mkono hakuuondoa.

"Mama, kuna foleni," alisema askari. Kisha akawatazama, sauti ikalegea. "Haya, mkande tu. Nitasubiri."

Hatimaye askari alivifuta mafuta, akapaka wino, akagandamiza. Wote watatu wakainamia karatasi. Pembezoni mwa doa jeusi kulikuwa na mistari michache, myembamba kama nywele za mtoto mchanga.

"Jaribu na hiki," alisema Mama Salha, akiwa bado ameushika mkono wa pili.