Aliye Nyuma Yako

"Haya niambie, ni yule mwenye upara au ni mpiga kinanda?"

Chiriku aliuliza hivyo wakiwa wameshika shuka, kila mmoja pembe mbili. Wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mwenzake walimwita Bi Pole. Walikunja, wakakutana katikati, wakachukua shuka lingine.

"Amefanya nini?" Bi Pole aliuliza.

"Ndiye anayekung'ang'aniza kanisani kwenu. Maana si mahubiri, shoga. Mchungaji wenu akifungua mdomo, hata nzi wanasinzia."

Bi Pole hakubisha. Alipolazwa kwa nimonia, ghorofa ya pili ya hospitali hiyohiyo, hakuna mtu wa kanisa lake aliyekanyaga wodini. Kwaya ya akina Chiriku ilikuja yote, ikamwimbia mpaka muuguzi akawafukuza. Kanisa lao lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na milango yake haikufungwa.

"Tena huna hata kiti chako!" Chiriku aliendelea. "Mpishi wetu si anasali kwenu? Amenieleza. Leo uko kwenye nguzo, kesho mlangoni, keshokutwa chini ya spika mbovu inayokoroma. Mtu mzima unahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unamfuata nani?"

"Nachelewa. Nakaa panapobaki."

"Haya. Danganya toto."

Tangu azike mume, Bi Pole alikuwa kama mguu uliokaliwa: upo, lakini hausikii. Marehemu alikataa katakata binti yao aambiwe kwamba baba yake yu mahututi. Mtoto alikuwa chuoni, kwenye mitihani ya mwisho. "Asome kwanza," alisema, na neno la mgonjwa ni amri. Binti alifika jeneza limeshapigwa misumari. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamnyamazia mama yake. Bi Pole mwenyewe hakulia siku ile, wala baadaye. Hata nyimbo zilimpita tu.

"Na binti hajambo?" Chiriku aliuliza. Kila ugomvi wake uliishia hapo.

"Hajambo. Naona amenenepa kidogo. Halafu ana mafua."

"Mwambie anywe vitu vya moto."

"Yatapona."

Chiriku aliweka shuka juu ya rundo, akashika kiuno. "Sikiliza, Bi Pole. Jumapili hii unakuja kwetu. Ukikataa, sikubembelezi tena, na chakula cha mchana kila mtu ale kivyake. Nimechoka kukupenda peke yangu."

Haukuwa mzaha. Bi Pole hakuwa na mtu mwingine wa kula naye, wala wa kumuuliza ameamkaje. Akaenda.

Walimpokea kama ndugu aliyerudi safari. Akina mama walishamtengea kiti, mstari wa pili, karibu na feni. Waliimba, wakapiga makofi, wakalia na kucheka. Bi Pole alikaa na mkoba mapajani, akingoja. Ibada ilipokwisha alikuwa bado anangoja.

"Hapa hamtakiani amani?" alimnong'oneza Chiriku.

"Si tunakumbatiana pale mlangoni? Utachoka mwenyewe!"

"Kila mtu na kila mtu?"

"Yeyote na ampendaye."

"Kwa hiyo mtu anaweza kumpita mwenzake."

"Kwani lazima?"

"Kwetu ni lazima," Bi Pole alisema, akasimama. "Nashukuru, shoga. Mna kanisa zuri. Mimi nitabaki kule kule."

Chiriku alivimba. Wiki nzima mashuka yalikunjwa kimyakimya, na kila mtu alikula kivyake kweli.

Jumapili iliyofuata Bi Pole aliingia kanisani kwake wimbo wa kwanza umeshaisha. Alisimama mlangoni, akatazama visogo vya watu, mstari hadi mstari. Kisha akapita kando, akaomba samahani mara tatu, akajibana chini ya ile spika mbovu. Mahubiri yalikuwa marefu. Nzi walisinzia.

Kabla ya meza ya Bwana, mchungaji mzee alinyanyua mikono na kusema maneno yake ya miaka yote: "Asiyempa mwenzake mkono asije mezani. Haya, mgeukie aliye nyuma yako."

Mwanamke kijana aliyekuwa mbele ya Bi Pole aligeuka polepole, ameshika mgongo wa benchi, tumbo limetangulia. Gauni pana halikulificha tena. Alinyoosha mkono. Macho aliyaweka begani kwa Bi Pole.

"Amani iwe nawe."

"Iwe nawe pia."

Mkono ulikuwa wa moto, mkavu. Ukaachia. Kijana mrefu aliyekaa na yule mwanamke naye aligeuka, akampokea Bi Pole kwa mikono miwili, akitabasamu.

"Shikamoo, mama. Amani iwe nawe."

"Marahaba, baba."

Bi Pole aliketi. Mkono wake wa kulia aliufumba mapajani mpaka ibada ikaisha.

Jumatatu walishika shuka tena, kila mmoja pembe mbili. Chiriku alivumilia mashuka matatu. La nne likamshinda.

"Nimekununia wewe, mtoto hana kosa," alisema, midomo bado ameibinua. "Binti hajambo?"

"Hajambo," Bi Pole alisema, akanyoosha pindo. "Ni mjamzito. Na mkwe wangu ana adabu kweli, jana aliniamkia."