Mraba Safi Ukutani

Mraba ulikuwa safi kupita kiasi. Upana wa sinia, pembeni mwa mlango wa Bi Zakiya, chini kabisa. Ukuta uliobaki ulikuwa umevaa kuvu ya kijani kama kuta zote za kichochoro kile cha Shela, Malindi, na wenyewe walikuwa wakisema mvua ijayo itaosha. Kabla chai haijachemka, mtaa mzima ulikuwa umesimama pale unautazama mraba.

"Kaingu huyo," akasema Bi Zakiya. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, pale pale mlangoni anapokaa kila siku, maana magoti hayamruhusu kusimama sana. "Nani mwingine hapa ana mashine ya kuosha kuta? Juzi tu aliniambia kwa kinywa chake: mtu haoni uchafu wa ukuta wake mpaka aone pahali pasafi."

"Kumbe ndiyo biashara yenyewe!" akasema Mahfudha, jirani wa mkabala, ambaye habari ikimpita hushikwa na homa. "Na harusi ya binti yako ni Jumapili, masikini."

Kaingu alikuwa amesema hivyo kweli. Alikuwa kijana wa Marafa, mpole, na ukimuuliza habari za mashine yake hanyamazi. Siku ile Bi Zakiya alimuuliza mengi. Akamweleza kwamba bunduki ya maji haisogezwi karibu na ukuta wa matumbawe, itaula chokaa. Kwamba chujio husafishwa kila jioni, mtu asingoje lizibe. Na kwamba pampu hainyweshwi maji ya kisima hata ukiwa na kiu ya kazi namna gani, chumvi itaitafuna, kama ilivyoitafuna pampu yake ya kwanza. Ndiyo maana alijaza tangi kwenye mfereji wa Mzee Harith, mkubwa wa mtaa, maji matamu, kwa hisani ya mzee.

"Na asiye na mashine je?" Bi Zakiya akauliza, nazi mkononi.

"Brashi ya makumbi ya nazi, mama, na sabuni ya unga. Ila ajaribu kwanza kipande kidogo, chini."

Kesho yake mraba ukatokea kwa Mahfudha. Kisha kwa Farid mwenye duka. Yote chini, yote upana wa sinia. Kuta zilizokuwa na heshima zao sasa zilifanana na mtu aliyenawa jicho moja, na wapita njia hawakuficha meno.

Mzee Harith akaita watu barazani kwake baada ya Alasiri. Hakukosekana mtu. Hata wasio na kuta walikuja.

"Shikamoo, Mzee," akasema Kaingu.

"Marahaba. Umefanya haya?"

"Sikufanya, Mzee. Mashine yangu huacha michirizi. Pale pamesuguliwa."

"Basi ulisugua," akasema Farid.

"Na mbona chini hivyo?" akadakia Mahfudha. "Siku hizi waosha umelala, mwanangu?"

Baraza likaangua kicheko. Bi Zakiya peke yake hakucheka.

"Msimwonee, ni mtoto wa watu," akasema. "Kumfukuza ni dhambi. Mwacheni aoshe kuta zote za kichochoro, bure, iwe ndiyo adhabu yake. Nasi tumsamehe."

Watu wakaitikia kwamba hiyo ndiyo roho ya kiungwana.

"Umesikia," akasema Mzee Harith. "Ziwe tayari kabla ya harusi. Ukikataa, mfereji wangu usahau."

Kaingu akautazama mfereji. Akaitazama mashine yake, pampu bado mpya. Nje ya mfereji ule hakuna ila visima vya chumvi.

"Nitaosha," akasema.

Akaosha. Alisimama mbali na ukuta, presha ameipunguza, akianzia juu akishuka, uchafu usije ukachuruzikia palipokwisha kutakata. Watu walitoa viti nje wakamtazama, wakamwonyesha alipopasahau, wakamfundisha kushika bunduki. Mahfudha alimletea mahamri, akamwambia amemsamehe. Kaingu akala.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Zakiya. Jumamosi alianza na uani. Alipolisogeza pipa la maji aoshe nyuma yake, aliinama, akakaa ameinama kitambo. Kisha akalirudisha pipa mahali pake.

"Umechoka, mwanangu?" Bi Zakiya akauliza kutoka jikoni. "Nikutilie chai?"

"Nitilie, mama. Ukuta wa mbele nitauosha kesho asubuhi, wageni waukute ukiwa mpya."

"Mungu akubariki. Sasa ndiyo umekuwa mtu."

"Amina, mama."

Jumapili wageni wa Mambrui walimiminika kwa vigelegele, mabuibui yamejaa kichochoro, watoto mbele, masinia vichwani. Bi Zakiya alitoka kuwapokea, hina miguuni, mkono mmoja begani mwa Mahfudha. Kuta zilimeremeta upande huu na upande huu. Wageni wakasifu, naye akasema, aa, sisi ndivyo tuishivyo.

Kisha vigelegele vikapungua, vikaanzia mbele vikaishia nyuma, na watu wote wakawa wanatazama chini.

Ukuta wa Bi Zakiya ulikuwa mweupe wote, isipokuwa mraba mmoja wa kijani, upana wa sinia, upande wa pili wa mlango. Mbele yake Kaingu alikuwa ameitega ile mbuzi ya kukunia nazi, tayari kukaliwa, na ukiikalia mkono wako uufikie mraba sawasawa. Na juu ya mbuzi ameilaza brashi ya makumbi aliyoikuta nyuma ya pipa, ingali imejaa kuvu ya kuta za majirani.