Picha ya Pua Isiyougua

"Usitikisike, Mama Apolline, ao picha itatoa pua mbili," fundi wa skana alisema kwenye kipaza sauti.

"Hii moja inatosha. Inanusa uongo wa bwana yangu kutoka Katoyi mpaka Kituku."

Alimsikia fundi akicheka.

Apolline, muuguzi wa hospitali hiyohiyo, alikuwa amejitolea. Daktari mmoja wa hapo alitafuta watu wasio wagonjwa, apige picha za pua zao na kujifunza njia ya hewa ilivyo. Matone ya damu kwenye leso yake kila asubuhi hakuyataja. Goma nzima inavuta vumbi la volkano.

Mashine iliponyamaza, aliinuka na kwenda mwenyewe chumba cha fundi kutazama kioo cha kompyuta. Hewa huonekana nyeusi, mfupa mweupe. Upande wa kushoto njia ilikuwa nyeusi, safi. Upande wa kulia ulikuwa umejaa kijivu, na ule mfupa mwembamba unaotenga pua na jicho ulikuwa umelika kama ukingo wa jani lililopitiwa na viwavi.

Fundi alizima kioo haraka.

"Mama, mulikuja na nani?"

Fundi alikuwa amemwona akishuka peke yake kutoka wodini. Lakini hapa mgonjwa hapewi habari mbaya. Hupewa ndugu yake, nje, mlangoni. Apolline mwenyewe alikuwa ameuliza swali hilo miaka yote ya kazi, na kila mara aliuliza akitazama viatu vya mgonjwa.

Fundi alikuwa akitazama viatu vya Apolline.