Chuma cha Behewa

Sheria ilimtaka kila mfiwa amfungulie mlango yeyote mwenye shaka, amwonyeshe ushahidi, amwache akate sampuli. Bi Mwanasha alishachoka kubishana. Chuma cha behewa lililoungua na mumewe ndani kilikuja nyumbani kipana kama sinia. Sasa kilikuwa kama ukucha. Wageni wote waliondoka na kipande, hakuna aliyeondoka na imani.

"Ajali haikutokea, mama," alisema mgeni wa leo, msumeno mkononi.

"Kata, baba, unywe chai uende zako."

Mgeni akacheka. "Treni nzima iungue, ushahidi uwe huu tu?" Akakata nusu, akaaga.

Saumu, binti wa Bi Mwanasha aliyezaliwa baada ya ajali, alikusanya vikombe, akakitazama kipande cha chuma kilichobaki.

"Lakini mama," akasema taratibu, "kweli, mbona kidogo hivi?"