Adhabu Arobaini na Tatu

Kosa ni langu, nalikiri mapema nisije nikasumbuliwa. Mwaka huu wa 1993 nilitumwa stoo ya uwanja kutafuta picha ya Emmett Kolstad. Mtu mwenye akili angechukua picha akaondoka. Mimi nikafungua pia kopo la biskuti.

Ndani mlikuwa na karatasi za mechi za misimu miwili, tangu 1940 hadi 1942. Na kwa kuwa nina stashahada, na stashahada lazima ifanye kazi, nikakaa chini nikahesabu.

Tuzo ya Emmett Kolstad hupewa kila Machi kijana muungwana kuliko wote katika ligi yetu ya hoki ya barafu: yule asiyempiga mwenzake gongo, asiyemtukana refa, asiyetolewa nje. Kolstad mwenyewe aliuawa vitani, Italia, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Na kwa mujibu wa kopo, muungwana wetu alitolewa nje kwa adhabu mara arobaini na tatu. Msimu mmoja.

Nikapeleka habari kwenye kikao cha kamati ya ligi. Ndiyo, kwa mdomo wangu huu huu.

Mwenyekiti wetu, Garth Wozny, alihuzunika sana. Alihuzunika kiasi kwamba kahawa haijapoa alikuwa ameshapata jina jipya: Tuzo ya Matairi ya Wozny. Alisema si kwa ajili ya duka lake, ni kwa ajili ya maadili ya vijana. Wajumbe wawili, ambao kwa bahati tu ni wafanyakazi wake, waliyaona hayo maadili papo hapo.

Nikasema tumwite kwanza Bi Verna. Nilikuwa nazima moto niliouwasha mwenyewe.

Bi Verna Dyck, mjane wa miaka sabini, ndiye anayekabidhi tuzo hiyo tangu ianze. Wengi tulidhani ni binamu wa marehemu. Hatukumuuliza, maana kwenye kamati yetu anayeuliza hupewa kazi. Ana kasoro moja tu. Kabla ya kukabidhi hupigwa kengele ya shaba, ile iliyookolewa uwanja wa zamani ulipoungua. Enzi hizo mtunza saa aliigonga mara moja kumwambia mchezaji kwamba adhabu yake imekwisha, arudi akacheze. Bi Verna huigonga mara mbili. Kila mwaka. Garth ameshamwandikia kwenye ratiba, kwa herufi kubwa, MARA MOJA. Bi Verna husema macho yake hayaoni vizuri. Bi Verna anafuma soksi bila miwani.

Akaja na sahani ya vikeki vya siagi, akakaa upande wa meza ilipo kengele. Garth akaanza kumsomea mashtaka.

Kumfichia mpinzani gongo, dakika mbili. Kukikalia kile kisahani cha mpira kinachogombaniwa, dakika mbili. Kumuuliza refa kama amekula, dakika mbili.

"Kwani alikuwa amekula?" Bi Verna akauliza.

"Bi Verna, hili si jambo la mzaha."

"Garth mwanangu, mimi nimekufunga kamba za viatu vya barafu huku unalia unataka nyumbani. Soma tu."

Akasoma. Ilipofika ya thelathini nikajaribu kutetea. Nikasema hakuna aliyeumizwa hata ukucha. Nikasema adhabu zote ni za hapa nyumbani, ugenini hakuna hata moja. Na msimu uliotangulia, mtunza saa akiwa bado mzee Tollefson na kiko chake, Kolstad hakutolewa hata mara moja.

Mjumbe mmoja akasema jibu ni jiko. Uwanja wa zamani ulikuwa na benchi moja tu la adhabu, mchezaji na mtunza saa wanabanana hapo kando ya jiko la kuni, na baridi ya jimbo letu la Saskatchewan kila mtu anaijua. Basi kijana alikuwa anafuata moto. Wakacheka. Garth akasema mhuni au mvivu, vyovyote, jina lifutwe.

"Mkilifuta, mtamtaja wapi?" Bi Verna akauliza.

"Yupo kwenye mnara wa mashujaa, mama. Yeye na wenzake thelathini."

"Pale mnamtaja kwa kufa. Hapa anatajwa kwa kucheza."

Akasema taratibu, na mkono wake ukaenda ukaifunika kengele, kama mtu anayemtuliza paka. Kwa sekunde moja nilidhani Garth ameguswa. Kumbe alikuwa anatafuta karatasi ya mwisho.

Hiyo ilikuwa ya Machi 1942, mechi ya Kolstad ya kuaga, treni ya jeshi ikimsubiri asubuhi. Mwandiko wa mtunza saa ulikuwa safi, umenyooka kama wa karatasi zote za msimu ule. Kosa: kumbusu refa kwenye upara. Adhabu: dakika kumi.

"Dakika kumi, Bi Verna," Garth akasema. "Wenzake wa timu wanalia wakimuaga, yeye anabusu upara. Huu nao uungwana? Wanaokubali jina libadilishwe wanyooshe mikono."

Mikono miwili ikapanda, ile ile ya maadili. Garth akawa anapandisha wake.

"Geuza karatasi," Bi Verna akamwambia. "Usome na nyuma."

Mimi mhesabuji, mwenye stashahada, sikuwa nimegeuza hata moja. Nyuma kulikuwa na maneno ya penseli, mkono mwingine kabisa, herufi zinakimbizana. Garth akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya kikao:

"Verna, nikirudi nikuoe? Usijibu kwa mdomo, refa anatuangalia. Gonga kengele mara mbili."