Kiboko wa Ikolo

Mzee Anyosisye alikohoa, na kile kitu kwenye migomba kikatimua mbio kuelekea mtoni.

"Umekisikia?" aliuliza.

Jubilate alikuwa amekisikia. Aliandika: saa kumi na moja na nusu alfajiri, kinaogopa sauti ya mtu. Alikuwa mtafiti wa ikolojia, mwenyeji wa Moshi, na kijiji kilimwita athibitishe jambo moja tu: kama kiboko amerudi Ikolo. Akisema ndiyo, Ijumaa jioni askari wa wanyamapori wangekuja na bunduki, wajifiche kwenye migomba, wangoje alfajiri. Jubilate alikuwa ametetea viboko kwa miaka kumi na miwili.

"Kilianza Januari," alisema mzee. "Kinanikanyagia miche ya kakao. Miche basi, nitapanda mingine. Namwogopea mkamwana wangu. Mwanangu Nelson alimuoa Krismasi, na maji anachota huko huko mtoni. Kikimdhuru, baba yake nitamwambia nini?"

Kulipokucha wakaikagua njia ya mtoni. Nyayo hazikuwapo, mvua ya Kyela haiachi ushahidi. Ila majani ya migomba yalikuwa yamevunjika, na miche imelala. Kitu kile kilifuata njia vizuri, kikaiacha hatua arobaini kabla ya nyumba ya mzee, kikazunguka mbali nyuma ya kakao, kisha kikarudi njiani.

"Kinakukwepa wewe, baba," alisema Jubilate.

"Basi kina adabu."

Mchana harufu ya wali ilifika kabla ya sahani. Mzee akasimama, akageukia ukuta, akavuta kofia hadi puani. Sahani ziliwekwa mkekani, na mwekaji akaondoka upesi.

"Ndaga, asante," mzee aliuambia ukuta. Kisha akageuka na kunawa mikono. "Mkamwana huyo. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Vijana wameacha. Mimi bado."

Jubilate alisema ni desturi nzuri, kwa sababu alikuwa mgeni, na kwa sababu wali ulikuwa mtamu.

Alhamisi jioni alifunga kwenye mti wa kakao kamera inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Alimwomba Mungu kitokee chochote, hata nguruwe wa jirani, mradi kisiwe kiboko.

Ijumaa asubuhi simu ikaita. Askari walikuwa wakijiandaa kuondoka mjini, walitaka jibu. Akawaambia wasubiri kidogo.

Ndani ya kamera mlikuwa na picha moja, safi kabisa. Jubilate aliitazama kwa muda mrefu. Aliikuza, akaitazama tena. Kisha akaenda nayo barazani.

"Ni mkubwa?" aliuliza mzee.

"Tazama mwenyewe, baba."

Mzee Anyosisye akavaa miwani, akainamia kioo cha kamera. Hakukaa hivyo hata sekunde moja. Akasimama, akageukia ukuta, akavuta kofia hadi puani.

"Wapigie wenye bunduki," aliuambia ukuta. "Waambie wasije."